Nahodha Anabadilishwa, Chombo Hakijakalafatiwa

Mjadala umerudi tena mjini, na umerudi na maneno yaleyale. Bandari, timu yetu ya soka hapa Mombasa, ikifungwa mara mbili mfululizo pale Mbaraki, uwanja wake wa nyumbani, kisha ikaambulia sare ugenini, barza za Majengo, Kisauni na Likoni huwa zimeshatoa hukumu kabla kahawa haijapoa: kocha aende. Siku kocha anapoondoka watu hutulia. Kocha mpya hupewa mechi tano au sita za heshima, halafu mambo huanza upya. Naandika makala haya kwa sababu naona tumeisoma vibaya hali ya timu yetu, na kosa hilo lina gharama. Lawama ikielekezwa pasipo, mwenye kosa hukaa raha mstarehe. Msimamo wangu ni huu: Bandari haiyumbi kwa sababu ya benchi la ufundi. Inayumba kwa sababu inamilikiwa na shirika ambalo halipotezi chochote timu inapofungwa, ndani ya mji ulioacha viwanja, vilabu vya mitaa na sauti ya mashabiki vife kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo lawama ya kwanza ni ya wamiliki, ya pili ni ya wanaoiongoza Mombasa, na kocha namweka nyuma kabisa yao.

Turudi nyuma kidogo. Mombasa si mgeni katika soka ya nchi hii. Mwaka 1965, ligi ya taifa ikiwa bado changa, Feisal ya hapa mjini ilitwaa ubingwa wa Kenya. Tangu siku hiyo kombe la ligi halijavuka tena Makupa kuingia kisiwani. Wazee bado wanataja vilabu vya hapa vya Feisal, Liverpool na Mwenge kama mtu anavyotaja majina ya ndugu zake. Mji huuhuu ukawatoa Mohammed Kheri na Twahir Muhiddin, ambao wote wawili walifika kuifunza Harambee Stars. Kwa hiyo anayesema Pwani haina akili ya mpira anazungumza bila kumbukumbu. Kilichotokea ni kwamba vilabu vile vya mitaa vilidhoofika, vingine vikafa kabisa, Coast Stars ikapanda na kuteremka, na mzigo wote wa kubeba jina la Mombasa katika ligi kuu ukaangukia timu ya shirika moja la serikali, Halmashauri ya Bandari, KPA.

Na timu hiyo ilifanya kazi ya kuonekana. Iliporudi ligi kuu mwaka 2013 haikuchukua muda, kwani 2015 ilibeba kombe la shirikisho la soka la Kenya. Mwaka 2018 ilimaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia, na msimu wa 2018/19 ikamaliza ya pili tena. Januari 2019 ilikwenda Dar es Salaam kwenye Kombe la SportPesa, ikaitoa Simba na kufika fainali, ambako Kariobangi Sharks iliwashinda. Miezi michache baadaye ikalipiza kwa kuwafunga Sharks haohao katika fainali ya kombe la shirikisho, na ikapata tiketi ya Afrika. Huko iliipita Al-Ahly Shendi ya Sudan, ikaing'oa US Ben Guerdane ya Tunisia, ikaja kusimamishwa na Horoya ya Guinea mlangoni mwa hatua ya makundi. Timu kutoka Mbaraki ilibakiza hatua moja tu kuingia makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Kila anayeizungumzia Bandari ya leo anaipima kwa kipimo cha mwaka ule, na ana haki.

Lakini wengi wanaukumbuka mwaka ule kana kwamba ulikuwa kazi ya Bernard Mwalala peke yake, na hapo ndipo tunapoanza kupotea njia. Mwalala alikuwa kocha mzuri, hilo sibishani nalo. Hata hivyo aliikuta timu ambayo Paul Nkata wa Uganda alikuwa ameshaifinyanga, wachezaji wengi wakiwa wamekaa pamoja na kuzoeana, na mishahara ikilipwa kwa wakati katika ligi ambayo wengine walikuwa wakikaa miezi bila kuona shilingi. Msingi ulikuwepo, naye akajenga juu yake. Baada ya kilele kile msingi haukulindwa. Kipa Farouk Shikhalo aliondoka 2019 kwenda Yanga. Kuondoka kwa mchezaji si dhambi, timu zote duniani huuza. Dhambi ni kuuza bila kuwa na kijana aliyeandaliwa nyuma yake, na Bandari haikuwa na shule ya vipaji yenye uzito wa kumtoa kijana huyo. Pengo likazibwa kwa usajili wa kila dirisha, na kila kocha mpya akaja na orodha yake mwenyewe.

Hebu tuwahesabu makocha. Baada ya Mwalala wamepita Ken Odhiambo, Casa Mbungo kutoka Rwanda, Anthony Kimani na John Baraza, bila kuwahesabu walioshikilia kwa muda. Hawa si watu wa kubahatisha. Mbungo na Kimani wote waliwahi kuinoa AFC Leopards, timu ambayo presha yake kwa wiki moja inazidi ya Mbaraki kwa mwezi. Kama tatizo lingekuwa kichwa cha kocha, katika vichwa vyote hivyo kimoja kingelikata. Ukiona mabaharia wanabadilisha nahodha kila mara na chombo bado kinaingiza maji, akili inakutuma utazame mbao. Mafundi wa majahazi wa Pwani wanajua kwamba chombo kisipokalafatiwa, pamba na mafuta yasipoingia katika kila ufa, hata nahodha aliyekwenda Maskati na kurudi hawezi kukifikisha Lamu.

Wenye kutetea lawama kwa kocha wana hoja, nami nitazitaja kwa haki. Wanasema kocha ndiye anayepanga kikosi, ndiye anayeamua kushambulia au kujilinda, ndiye anayefanya mabadiliko dakika ya 70 na kumtoa mchezaji aliyekuwa akipiga mpira vizuri. Hayo ni kweli, na yapo matokeo ambayo kocha lazima ayabebe mwenyewe. Wanasema pia kwamba kumtimua kocha huamsha wachezaji waliolala. Hilo nalo huonekana kutokea, kwa wiki chache. Mechi za mwanzo za kocha mpya huja na nguvu kwa sababu kila mchezaji anataka kumshawishi mgeni. Nguvu hiyo ikiisha, kinachobaki ni kile kilichokuwepo: kikosi kilichokusanywa na watu watatu tofauti kwa mitindo mitatu tofauti, wachezaji wasiojua kama watakuwepo msimu ujao, na kocha anayejua kwamba akimwamini kijana wa miaka 18 na kijana huyo akakosea, yeye ndiye atakayeondoka. Kocha wa namna hiyo hatampanga kijana. Atatafuta mzoefu wa miaka 31 wa kumwokoa Jumamosi hii. Nani amlaumu?

Sasa tumtazame mwenye mali. Bandari ya Mombasa ilipitisha zaidi ya tani milioni 40 za mizigo mwaka 2024, na makontena yapatayo milioni 2. Ni lango la Uganda, Sudan Kusini, Rwanda na Kongo ya Mashariki. Mkurugenzi mkuu wa shirika la ukubwa huo hupimwa kwa meli zinavyohudumiwa, kwa muda kontena linavyokaa yadini, kwa mapato yanayokwenda Hazina. Hakuna siku ataitwa kujieleza Nairobi kwa sababu timu yake imefungwa na Sofapaka. Simlaumu kwa hilo, kazi yake ni meli. Ninachosema ni kwamba timu imewekwa chini ya mtu ambaye, hata akiipenda, timu kushuka daraja hakutamnyima usingizi wala kazi. Na viti vyenyewe vya juu havikutulia. Gichiri Ndua aliondolewa 2016. Catherine Mturi-Wairi akafuata, naye akawekwa kando 2018. Daniel Manduku akajiuzulu Machi 2020. Rashid Salim na John Mwangemi wakashikilia kwa zamu, ndipo akaja Kapteni William Ruto (si Rais). Watu sita ndani ya miaka saba hivi. Tunapiga kelele za makocha kubadilishwa huku waweka sahihi ya bajeti wakibadilishwa kwa kasi ileile, na kila mmoja akija na mawazo yake kuhusu michezo ipewe nini. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa manahodha wengi wako orofa za juu kuliko benchi la wachezaji wa akiba.

Kuna anayejibu kwamba bila KPA Bandari ingekuwa imekufa zamani, na kwamba tunauma mkono unaotulisha. Jibu hili lina nguvu kuliko yote niliyoyasikia, na nimelifikiria kwa muda mrefu. Ni kweli kabisa kwamba mshahara wa uhakika ni neema. Gor Mahia yenyewe, pamoja na mashabiki wake wote, imewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha. SportPesa, mdhamini wa ligi, ilipofunga mkoba wake mwaka 2019, ligi nzima ilitetemeka, na mchezaji wa Mbaraki alikuwa miongoni mwa wachache waliolala wakiwa na hakika ya kesho. Lakini neema hiyo inategemea uzi mmoja, na historia ya nchi hii inatuonyesha uzi huo hukatikaje. Utalii ilikuwa bingwa wa Kenya 1997. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilitwaa ubingwa 2001 na 2002 mfululizo. SoNy Sugar ilikuwa bingwa 2006, na 2019 ikaondolewa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani. Mumias ilibeba kombe la shirikisho mara mbili miaka ya 1990. Kenya Pipeline ililibeba 2002. Mtafute leo kijana wa miaka 20 umuulize Oserian ni nini, atakwambia ni maua. Timu zote hizo hazikuuawa na makocha. Siku kampuni ilipobana matumizi au ilipofilisika, hapakuwa na mtu mwingine yeyote mwenye haki ya kusema timu hii ni yangu pia.

Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa maana si hoja yangu kwamba timu ya shirika haiwezi kufaulu. Kenya Police imebeba ubingwa 2025. Tusker imeubeba mara nyingi ikiwa mali ya kampuni ya bia. Ng'ambo ya mpaka, Azam ya Dar es Salaam ni timu ya mfanyabiashara, na ilipotwaa ubingwa wa Tanzania msimu wa 2013/14 haikupoteza mechi hata moja. Lakini tazama walichofanya Azam: walijenga uwanja wao Chamazi, wakaweka hosteli na shule ya vijana papo hapo, na wakaipa timu uongozi ambao kazi yake ni mpira na si kitu kingine. Halafu tutazame ndani ya nyumba yetu wenyewe. KPA ina timu ya kikapu ya wanawake ambayo imetwaa ubingwa wa Kenya zaidi ya mara moja na kuiwakilisha nchi Afrika. Mfuko ni uleule, mwajiri ni yuleyule, mji ni huuhuu, jua ni hilihili. Kikapu kina wachezaji wachache, gharama ndogo na ushindani mwembamba kuliko soka, nakubali. Hata hivyo mfano huo unafuta hoja mbili kwa mpigo: kwamba hakuna pesa, na kwamba Pwani hakufai michezo ya ushindani.

Nimeitaja hoja ya mwisho kwa sababu ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayorudiwa zaidi, hasa na wenzetu wa bara, na inaniuma kusema kwamba hata baadhi yetu tumeimeza. Inasema kijana wa Pwani ni mvivu, anapenda kukaa barazani, ameharibiwa na muguka, yale majani ya kulevya yanayotafunwa, hawezi kustahimili mazoezi ya asubuhi. Muguka ni balaa la kweli, silipunguzi. Ndiyo maana Gavana Abdulswamad Nassir alitangaza kuipiga marufuku isiingie Mombasa Mei 2024, na zogo lililofuata hadi mahakamani kila mtu analikumbuka. Lakini muguka unatafunwa pia Embu unakolimwa, na hakuna anayesema vijana wa Embu hawawezi kucheza. Waliobeba magunia melini kabla ya mashine kuja, wanaopiga makasia alfajiri Likoni na Mtongwe, wanaosukuma mikokoteni Kongowea, ni vijana wa wapi? Nenda viwanja vya Tononoka au Serani saa kumi jioni uone vumbi linavyotimka. Nenda usiku wa Ramadhani, vijana wamefunga kutwa nzima na bado wanacheza mashindano ya mtaa mpaka karibu na daku. Uvivu gani huo? Kinachokosekana ni ngazi. Kijana anatoka Serani akiwa na miaka 15 na kipaji kinachoonekana, halafu baina yake na jezi ya Bandari hakuna kitu. Hakuna ligi ya vijana ya kudumu, hakuna kocha anayemfuata, hakuna mtu wa Mbaraki anayemjua jina. Akifika 19 ameshakuwa dereva wa bodaboda, nasi tunamwita mvivu.

Hoja ndugu ya hiyo ni ile isemayo timu imetekwa na watu wa bara na wageni, warudishwe wenyeji na mambo yatakuwa sawa. Naielewa hasira yake, kwa maana Mombasa ina historia ndefu ya kuona ajira za bandarini zikigawiwa kwa watu wa mbali huku mwenyeji akitazama. Lakini kama dawa ya mpira, haiponyi. Kikosi kilichokwenda Afrika 2019 kilikuwa mchanganyiko: walikuwemo vijana wa hapa, walikuwemo wa bara, alikuwemo William Wadri wa Uganda, walikuwemo Wakongomani. Walishinda pamoja. Ukiwaondoa wageni leo bila kujenga kwanza mahali pa kuwapata wenyeji, utapata kikosi cha wenyeji walioletwa kwa kujuana. Timu inapaswa kumtafuta mwenyeji kwa sababu ndiye aliye karibu, anayejua joto la Mbaraki saa tisa mchana, na ambaye mtaa mzima utamfuata uwanjani siku akianza. Hiyo ni kazi ya miaka, haifanywi kwa tangazo.

Shirikisho la soka nalo lina lake. Mwishoni mwa 2021 serikali ililivunja, Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na mpaka kifungo kilipoondolewa Novemba mwaka huo vilabu vyetu vilikuwa vimekosa Afrika msimu mzima. Timu iliyokuwa ikijijenga kwa ndoto ya kurudi kimataifa ilivunjwa moyo bila kosa lake. Ligi iliyokaa miaka bila mdhamini wa kudumu wala mkataba wa televisheni unaotulia haikuweza kumpa mmiliki sababu ya kuwekeza. Na Bandari, ikiwa karibu peke yake Pwani, husafiri kuliko wote: mechi ya Kakamega ni kuvuka nchi nzima, kilomita mia nane na zaidi kwenda tu. Haya yote nayakubali, ila yamewakuta wote, na wengine wameyamudu. Siwezi kuyafanya kisingizio cha kwanza.

Sehemu inayonikera zaidi, na ambayo barza zetu haziigusi kabisa zinapomjadili kocha, ni uwanja. Mwaka ule wa 2019, Bandari ilipokuwa ikicheza na timu za Sudan na Tunisia, mechi zake za nyumbani zilichezwa Nairobi. Nyumbani kwa timu ya Mombasa kulikuwa Kasarani, karibu kilomita 500 kutoka Mbaraki. Shabiki wa Changamwe aliyeisubiri siku hiyo maisha yake yote alitakiwa apande treni au basi la usiku, au aitazame kwenye simu. Mji wa pili kwa ukubwa Kenya, wenye bandari inayolisha nchi nne tano, haukuwa na uwanja mmoja ambao Shirikisho la Afrika lingeukubali. Uwanja wa Manispaa, uliokuwa moyo wa mpira wa mji, ulivunjwa ili ujengwe upya enzi za Gavana Hassan Joho, na Joho aliondoka madarakani 2022 akimwachia mrithi wake kazi isiyokwisha. Agosti 2025 mashindano ya CHAN, ya timu za taifa zenye wachezaji wa ligi za ndani, yalipokuja Afrika Mashariki, Zanzibar iliandaa mechi Amaan. Kisiwa cha ndugu zetu, chenye uchumi mdogo kuliko wetu, kilikuwa mwenyeji wa Afrika. Kenya ilikuwa na Kasarani na Nyayo, vyote vya Nairobi. Mombasa ilitazama.

Uwanja si fahari tupu. Ni mapato ya mlangoni, ni muuza mihogo na mahamri nje ya lango, ni mdhamini anayeona watu elfu kumi na kuamua kuweka jina lake. Mbaraki ni mahali pazuri, panapendeza, lakini ni uwanja wa klabu ya wafanyakazi, hautoshi kubeba timu ya mji. Palipo na watu wachache mdhamini haji, na asipokuja mdhamini wa pili, timu inabaki na mfuko mmoja, nao tumeshaona unavyoendeshwa. Kwa hiyo mwanasiasa anayeposti pole kwa mashabiki Bandari inapofungwa, aulizwe kwanza kuhusu nyasi na paa la Manispaa.

Je, mashabiki hatuna kosa? Tunalo, ingawa dogo kuliko tunavyosutwa. Ni kweli kwamba vibanda vya kutazamia mpira hujaa Arsenal na Manchester United zinapocheza, na Gor Mahia ikija Mbaraki sauti ya wageni huimeza ya wenyeji. Lakini mtu hupenda kilicho chake. Marehemu mjomba wangu alikuwa kuli bandarini. Jumamosi akitoka zamu alikwenda uwanjani moja kwa moja na nguo za kazi, na akirudi jioni husema "tumefungwa" au "tumeshinda". Sikumbuki kumsikia akisema "wamefungwa". Leo nisikilizapo watu wa mtaa wangu, Bandari ni "wao". Hakuna kadi ya uanachama, hakuna mkutano wa mwaka ambapo shabiki anasimama na kuuliza mlinzi yule alisajiliwa na nani na kwa vigezo gani, hakuna kiti hata kimoja kwenye meza ya maamuzi kwa mtu asiyetokana na shirika. Tunaalikwa kulipa na kushangilia. Na mtu asiyekuwa na mahali pa kuuliza swali, hupiga kelele kwa yule anayemwona, naye ni kocha aliyesimama pale kando ya mstari mweupe.

Basi tukikubaliana hivyo, matokeo yake ni nini? La kwanza ni kwamba timu itenganishwe na ofisi ya bandari kisheria, iwe kampuni yenye bodi yake, KPA ibaki mwenye hisa kubwa na mdhamini mkuu kwa mkataba wa miaka inayojulikana, mitano au zaidi, ambao mkurugenzi mpya hawezi kuukata kwa barua. Ndani ya bodi hiyo wawemo watu waliocheza na kufunza mpira Mombasa, na wawakilishi wa mashabiki waliochaguliwa. La pili ni kwamba sehemu maalumu ya bajeti, isiyoguswa na usajili wa wazee, iende kwa vijana wa chini ya miaka 17 na 20, na makocha wa mitaa ya Kisauni, Likoni, Changamwe na Mvita walipwe kwa kila kijana anayefika timu kubwa. Hapo kocha wa Tononoka atakuwa na sababu ya kumtunza kijana, naye mzazi atakuwa na sababu ya kumruhusu. La tatu, kocha apewe miaka mitatu na malengo yaliyoandikwa, yatangazwe hadharani, na apimwe kwayo. Akishindwa kwa malengo hayo aende, nami nitakuwa wa kwanza kusema aende.

Wapo watakaosema shirika la umma halipaswi kutumia fedha kwa mpira kabisa, na kwamba siku moja Hazina itasema inatosha. Huenda siku hiyo ikafika, na ndiyo sababu ya kuharakisha. Klabu yenye wanachama, vijana wake na uwanja unaojaa inaweza kunusurika mdhamini akijiondoa. Itateremka, itahangaika, itacheza na viatu vya kuazima, lakini itakuwepo, kama Coastal Union ya Tanga, bingwa wa Tanzania 1988, ilivyoshuka daraja na kurudi kwa sababu Tanga haikukubali ife. Klabu isiyo na hivyo vitu itafuata njia ya Oserian.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Nairobi inajengewa uwanja wa Talanta. Hapa kwetu, kocha wa Bandari aliyeko sasa, na atakayemfuata, wataendelea kuhesabiwa pointi kila Jumapili. Ikitokea mmoja wao akafanya muujiza, akaipeleka tena timu Afrika, na Manispaa bado haijafunguliwa, wachezaji watafunga mabegi yao Mbaraki na kuteremka Miritini kupanda treni ya kwenda kucheza mechi ya nyumbani Nairobi.